Kipupwe, Mwezi na Maji: Kupanga Safari Fupi ya Delta ya Rufiji na Kilwa

Watu wa Temeke na Mbagala hupanda daladala kila siku kwenye Barabara ya Kilwa, na wengi wao hawajawahi kuifuata hadi Kilwa yenyewe. Kipupwe ndio wakati wa kuifuata. Kati ya Juni na Agosti masika yamekwisha, njia za udongo zimekauka, jua limepunguza ukali kiasi kwamba mtoto anaweza kuzunguka kwenye magofu saa sita mchana bila kulia, na shule zinafunga kwa likizo ya katikati ya mwaka. Ukiunganisha Sabasaba au Nanenane na mwisho wa juma na kuomba ruhusa ya siku moja, unaweza kupata siku nne. Zinatosha kuona delta ya Rufiji upande wa Kibiti, kisha mji wa kale ambao wasafiri wa Uarabuni na Ureno waliuandika kwa mshangao.

Nasema delta kwanza, Kilwa baadaye. Wageni wengi hupita Kibiti wakinunua korosho kupitia dirisha la basi na kuendelea na safari. Wanapofika Kilwa Kisiwani wanaona kuta za mawe, wanapiga picha, wanaondoka. Hawakuona msitu uliotoa miti ya majumba ya pwani hii, wala mto ulioifungua bara kwa vyombo vya baharini. Delta ni sehemu ya historia ya miji ya Waswahili, na aliyepita ndani yake hata kwa siku moja huyatazama magofu kwa jicho jingine.

Jambo la kwanza kupanga si nauli wala kitanda. Ni maji. Bahari inapanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa siku, na kijito ulichokipita asubuhi kwa boti ya mashine kinaweza kuwa uwanja wa tope ifikapo alasiri. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwandamo na za mwezi mpevu na zile zinazofuata mara tu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani hii huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kwa mgeni, hasa aliyefuatana na watoto au wazee, nashauri maji mafu: takriban tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 25, za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, vijito vikubwa havikauki, na mkondo hauna nguvu ya kutisha. Unaondoka gatini baada ya chai na kurudi jua lingalipo. Siku za bamvua mambo hugeuka. Maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na ile saa nne asubuhi ambapo wewe umeshafunga begi, boti imekaa juu ya tope ikisubiri. Mwenye ujuzi anaweza kuitumia bamvua vizuri, akatoka gizani na maji yanayopwa na kurudi jioni na yanayojaa, lakini kwa safari ya kwanza sikushauri.

Hesabu hizi ni za kuchagulia wiki tu. Saa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, na ndani ya delta maji huchelewa kuliko yalivyo baharini. Mpigie nahodha siku tatu kabla, na swali lako la kwanza liwe maji yatajaa saa ngapi siku hiyo. Nahodha anayekujibu kuwa wakati wowote ni sawa, tafuta mwingine.

Na upepo. Kipupwe ni msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini mashariki, na bahari ya Julai inaweza kuwa kali sana. Asubuhi huwa na utulivu, kisha kuanzia adhuhuri upepo hupanda. Ndani ya delta mikoko inakukinga, kwa hiyo unaweza kuzunguka vijitoni hata siku ambayo wavuvi wa nje wamebaki nyumbani. Kwenye midomo, pale mto unapokutana na bahari, hakuna kinga. Usimshawishi nahodha akutoe nje ya mdomo kwa chombo kidogo ati kwa sababu umelipa. Wanaotamani kuunganisha na Mafia, ambako kuna magofu ya Kua kwenye kisiwa cha Juani, wapande MV Kilindoni, kivuko cha wakala wa serikali TEMESA, kutoka Nyamisati, na waihesabu hiyo kuwa safari ya peke yake yenye siku zake.

Kufika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Magari ya kusini hupatikana Mbagala Rangi Tatu, na Kibiti iko mwendo wa kilomita kama 140 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kumbuka tu kwamba njia ya Nyamisati, bandari ndogo inayoingiza watu kwenye delta ya kaskazini, huchepuka Bungu, kabla hujafika Kibiti mjini. Ni kama kilomita 40 kutoka lami hadi majini. Mpango ninaoupendelea ni kulala Kibiti, ambako kuna gesti za kutosha, chakula cha uhakika na huduma za fedha, kisha kuamka mapema na kurudi Bungu kuelekea Nyamisati. Beba fedha taslimu za siku nzima. Usiku ule Kibiti utumie pia kwa kununua maji ya kunywa, mkate, machungwa na kitu cha kutafuna, maana ukishaingia majini hakuna duka.

Hapa pana jambo ambalo wageni huliona dogo, nami naliona kubwa. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na vijiji vya delta vina serikali zao. Pita ofisi ya TFS uulize utaratibu na ada za wageni kabla hujakodi boti. Ukifika kijijini, jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, sema mnatoka wapi, mko wangapi, mnalala au mnarudi. Watu wa Kibiti, Mkuranga na Rufiji walipita kipindi kigumu cha mauaji ya mwaka 2016 na 2017, ambapo viongozi wa vijiji na askari waliuawa. Utulivu umerudi, na wenyeji ni wakarimu mno, lakini mtu asiyejulikana anayezunguka na kamera bila kusema habari yake huwapa watu wasiwasi walio na haki nao. Salamu kwanza. Shikamoo kwa wazee, kisha shida yako.

Mwombe mtendaji akupe kijana wa kijiji wa kuwaongoza, hata kama nahodha anasema anajua kila kitu. Mlipeni vizuri. Atawaonyesha miti, na miti ndiyo iliyowaleta.

Delta hii ina mikoko inayofunika takriban hekta 53,000, msitu mkubwa kuliko wote wa aina yake katika Afrika Mashariki, nayo pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa iliingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa mbali yote ni kijani kimoja. Ukikaribia, mwongozaji akikutajia majina, msitu unajigawa. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi inayopinda na kushuka kutoka kwenye shina kama miguu ya buibui. Mchu hutoa mizizi myembamba inayochomoza wima juu ya tope ili ipate hewa. Mlilana huutafuta ukingo wa bahari, na mbao zake zilizopinda ndizo mafundi wanazozichagua kwa mataruma ya mashua. Mkandaa hutoa gome la kutilia rangi. Mkomafi utautambua kwa tunda lake kubwa la mviringo. Waambie watoto wako wautafute kila mmoja, watashinda siku nzima bila kudai simu.

Sasa angalia urefu na unene wa nguzo za mkoko, maana hizo ndizo boriti. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za Rufiji hadi Uarabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea. Nyumba za mawe za pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zina vyumba virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita 3, kwa sababu dari iliegemea boriti, na boriti haikuweza kuvuka zaidi ya hapo bila kupinda. Shika boriti moja kwa mkono kama utaiona imelazwa kijijini. Kumbuka upana wa mikono yako miwili ikinyooshwa. Utaihitaji kumbukumbu hiyo Kilwa.

Utaona pia mashamba ya mpunga ndani ya delta, mengine mahali palipokuwa na mikoko, na madungu ya kulindia mavuno yakiwa yameinuliwa juu ya nguzo. Juni na Julai mara nyingi utawakuta watu shambani wakivuna. Mvutano wa mpunga na mikoko ni wa kweli hapa. Watu wanahitaji kula, na kamba wanaovuliwa delta hukulia kwenye mizizi ileile inayokatwa. Ongea na wakulima kabla hujatoa hukumu. Wengi wanalielewa jambo hili kuliko sisi tunaolisoma magazetini.

Historia ya delta yenyewe ni ndefu. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinataja soko la mwisho la Azania, yaani pwani hii, liitwalo Rhapta, ambalo halijapatikana hadi leo. Baadhi ya wataalamu hulitafuta katika eneo hili la Rufiji. Mwaka 1999 Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha habari za shanga za Kirumi alizozifukua Mkukutu, katika delta ya Rufiji. Kwa hiyo mtu anayesema historia ya pwani inaanzia kwenye misikiti ya mawe, mwelekeze huku.

Kisha kuna Königsberg, ambayo kila mgeni huiuliza. Manowari hii ya Kijerumani iliizamisha HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha ndani ya delta, ambako manowari kubwa za adui hazikuweza kuifuata kwa sababu ya maji mafupi. Ilibidi Waingereza walete Severn na Mersey, vyombo vilivyoundwa kupita kwenye kina kidogo, na ndege zilizoruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga. Tarehe 11 Julai 1915, katikati ya kipupwe, nahodha wake Max Looff aliamuru izamishwe. Wajerumani waliopoa mizinga yake 10, ikatengenezewa magurudumu na kutumika nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, kwa yeyote anayetaka kuushika. Delta yenyewe haina cha kuonyesha: chuma kilikatwa baadaye, kilichobaki kimemezwa na tope. Kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi kukuonyesha meli. Mlipe anayekupeleka kwenye kijito husika na kukueleza jinsi maji yalivyoamua vita ile. Na muulize habari za watu wa vijiji hivi, waliobebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi na kwa msisitizo. Jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, watoto wakiwa na saizi yao, nalo livaliwe tangu gatini badala ya kukaliwa. Delta ina mamba na viboko. Hakuna kuoga mtoni, hakuna kuning'iniza miguu nje ya boti, na kuteremka ni pale tu mwongozaji anaposema. Mbu ni wengi hata kipupwe, kwa hiyo beba dawa ya kupaka, nguo za mikono mirefu za jioni, na kagua chandarua cha gesti kabla hujalipa. Viatu bora ni vya plastiki vinavyobana mguu. Malapa hubaki kwenye tope, na raba huharibika siku ya kwanza. Koti jepesi la kuzuia upepo ni lazima, maana asubuhi ya Julai juu ya maji, ukiwa umelowa rasharasha za mawimbi, baridi huingia mwilini. Simu na vitambulisho vifungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Siku ya tatu endelea kusini. Ikwiriri kuna samaki wa mto, pumzika hapo. Muda mfupi baadaye unavuka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu wa kusini walisubiri kivuko cha Ndundu, na mto ulipofurika walisubiri siku kadhaa. Wazee waliomo ndani ya basi wanazo habari hizo, waulize. Ng'ambo ya mto ni nchi ya vita vya Majimaji. Kiongozi wake wa kiroho, Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Mohoro, Agosti 1905, siku chache baada ya vita kuwaka katika vilima vya Umatumbi. Mwenye gari lake anaweza kuchepuka. Aliyepanda basi awaeleze watoto akiwa dirishani.

Barabara hii ndiyo sababu nyingine ya kusafiri kipupwe. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha sehemu kubwa ya Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka huohuo mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, mawasiliano ya Dar es Salaam na Lindi yakasimama. Hata kipindi cha ukavu, uliza hali ya njia siku moja kabla. Nangurukuru ndipo unapoiacha njia kuu ya Lindi na kuelekea Kilwa Masoko.

Lala Masoko. Asubuhi nenda ukalipie kibali cha kuingia magofuni, ambayo yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Raia hulipa kiingilio tofauti na mgeni wa nje, kwa hiyo vitambulisho vya taifa visisahaulike, na malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, hivyo hakikisha simu ina salio la fedha na chaji. Kisha mashua. Mkono wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani ni mfupi, lakini kusi huuchafua mchana, basi vuka mapema. Ikiwa ni Ijumaa, jua kwamba shughuli zitasimama kwa ajili ya swala, na upange kurudi kabla au baada. Kisiwani ni kijiji cha watu wanaoishi, wenye misikiti yao na makaburi yao. Mavazi ya heshima, ruhusa kabla ya picha, sauti ya chini mbele ya makaburi ya masultani.

Anza na Msikiti Mkuu, na usiuharakishe. Sehemu ya kaskazini ni ya kale zaidi, ya karne ya 11, ndogo, ambayo paa lake lilikuwa bapa. Sasa kumbuka boriti ya delta. Utaelewa kwa nini nafasi ile ni finyu. Ingia sehemu ya kusini, iliyoongezwa baadaye, utazame juu: kuba na matao yaliyobebwa na nguzo za mawe, watu wa Kilwa wakiwa wameamua kufunika eneo kubwa kuliko boriti inavyoruhusu. Dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ndiyo iliyolipia kazi hiyo. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji na kuandika kwamba nyumba zake ni za miti, jambo linalowashangaza wasomaji wanaozijua kuta za mawe. Ukitoka delta halikushangazi sana.

Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, liko mbali na kijiji, juu ya mwamba unaotazama bahari. Watoto hupenda birika lake la pembe nane. Mimi huwaomba watu wakae hapo kidogo na kuhesabu vyumba, watoe upana wake kwa mikono iliyonyooshwa. Gereza, ngome iliyo ufukweni, iweke mwisho. Wareno waliuteka na kuupora mji huu Julai 1505, wakajenga ngome, na Waomani waliijenga upya karne ya 19. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawa kwenye orodha ya hatari kuanzia 2004 hadi 2014. Kupanda kuta kwa ajili ya picha ni kuyarudisha huko. Wakataze watoto, na wakataze watu wazima pia.

Songo Mnara ni mbali zaidi na huhitaji maji yaliyojaa ili chombo kikaribie. Ukiwa umechagua maji mafu kama nilivyoshauri, asubuhi inafaa, ila upepo ukiwa mkali kubali kuacha. Jioni iliyobaki ipeleke Kilwa Kivinje, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa na pembe na watumwa. Nyumba zake za karne ya 19 na boma la Wajerumani vinaporomoka polepole, na wakazi watakueleza mengi ukinunua kahawa na kuketi barazani.

Gharama kubwa itakuwa boti, kwa sababu hulipwa kwa chombo na si kwa kichwa. Watu sita hadi wanane ndio idadi nzuri: familia mbili, au wafanyakazi wa ofisi moja. Patana bei yote kabla ya kupanda, mafuta yakiwemo, na mfahamishe nahodha kwamba salio atalipwa mkirudi gatini. Kula vyakula vya mama lishe wa Nyamisati na Masoko kuliko kubeba kila kitu kutoka mjini: wali wa nazi, kamba, samaki wa kukaanga. Fedha hiyo inabaki kwa watu walioutunza msitu na magofu.

Mwenye siku mbili tu asijaribu vyote. Ukiwa na watoto wadogo, chagua delta: ondoka Dar alfajiri, fanya safari ya boti maji yakijaa, lala Kibiti, rudi na korosho zako. Ukiwa na wazee wasiopenda matope, nenda moja kwa moja Kilwa kwa basi la asubuhi, lala Masoko, vuka mapema siku ya pili, na uwe Nangurukuru kabla ya saa nane mchana ili upate gari la kurudi kabla giza halijaingia.